Kumshika Bi Mkubwa

Kuna watu hupenda kusema kwamba hakuna kiumbe kinachotia kinyaa, ila sisi ndio hatujakijua vizuri. Watu hao waje kwangu niwaonyeshe Bi Mkubwa. Mimi nimemjua vizuri, nimemjua mpaka ndani ya mkono wa shati, na hadi leo nikimwona mate yananijaa mdomoni. Si mate ya hamu. Ni yale yanayotangulia kutapika.

Bi Mkubwa ni tarantula. Buibui, ndiyo, lakini si yule wa kwenye kona ya dari unayemwondoa kwa ufagio ukaendelea na shughuli zako. Huyu akijitandaza anafunika kisahani cha kikombe. Ana manyoya ya kahawia mwili mzima, na nyuma amebeba tumbo lililovimba kama tende iliyoota ukungu. Ana miguu minane, na huko mbele ana viungo vingine viwili vifupi ambavyo binti yangu ananihakikishia si miguu. Mimi nikihesabu napata kumi, na sitaki mjadala.

Alikuja nyumbani na binti yangu, mtoto wangu wa pekee, siku aliporudi kutoka kwa mumewe. Binti alishuka kwenye teksi na begi moja la nguo na sanduku la plastiki lenye matundu. Lile sanduku alilikumbatia kwa mikono miwili, begi nikabeba mimi. Sikuuliza ndani kuna nini. Tangu mama yake afariki nilikuwa nimeishi peke yangu miaka minne, nakula nimesimama jikoni, nabishana na redio. Ndoa ya mtoto kuvunjika si jambo la kushangilia, lakini nisiseme uongo, nilifurahi hadi nikamimina chai ikafurika kikombe. Tukakaa mezani. Akafungua kifuniko akasema, "Baba, huyu ni Bi Mkubwa." Chai ikanipalia mpaka akanipiga mgongoni.

Mnielewe. Mimi ni fundi saa. Miaka thelathini na minane nimekaa kwenye kiti kimoja, nikifungua saa za watu chini ya taa. Kazi yangu hasa ni usafi. Unywele mmoja ukiingia kati ya magurudumu, saa inasimama, na mwenye saa anarudi na maneno yake. Kwa hiyo nywele, vumbi na uchafu ni maadui zangu wa kila siku, na sasa nilikuwa naambiwa nilale chini ya paa moja na kiumbe ambacho ni nywele tupu zenye miguu.

Na hakuja peke yake. Anakula mende. Si mende wa kujitafutia, la, ni mende wa kufugwa, wanaokaa kwenye ndoo yenye kifuniko ndani ya kabati la jikoni, rafu moja na unga. Usiku ule wa kwanza nilifungua kabati kutafuta sukari nikasikia wanachakarika. Kila wiki binti anamtupia mmoja. Bi Mkubwa anamkumbatia, anamtafuna na kumnyonya kwa saa nzima, halafu anaacha donge jeusi lenye unyevu, ambalo binti yangu, mwanamke msomi wa maabara ya maji, analiokota kwa kibanio na kulitupa chooni huku akipiga mluzi. Kuna pia ngozi zake za zamani. Akikua anaivua ngozi nzima, na miguu yake yote, na meno yake, na binti anazihifadhi kwenye kopo la biskuti. Mimi nilifungua lile kopo nikidhani ni biskuti.

Nilivumilia wiki tatu. Ya nne nikapulizia koridoni dawa ya wadudu, kama nilivyozoea kufanya kila mwezi. Binti akarudi kutoka kazini, akanusa hewa mlangoni, akapita mbio. Nilimkuta ameketi uani na sanduku mapajani, uso umekauka.

"Nimepata chumba, Baba," akasema. "Karibu na kazini. Nahama mwisho wa mwezi."

"Chumba cha nini tena? Hapa kuna vyumba vitatu."

"Hapa nikienda kazini nashinda nikiwaza nitarudi nikute umempulizia dawa."

"Sikumpulizia yeye. Nimepulizia koridoni."

"Dawa haijui hapa ni koridoni. Ingepita chini ya mlango angekufa." Akafunga kifuniko vizuri. "Tena mimi kila mwezi nasafiri siku mbili tatu kuchukua maji ya kupima. Anayebaki naye lazima aweze kumtoa sandukuni akichafua maji au udongo ukilowa. Wewe hata kumtazama huwezi."

"Nikiweza je?"

Sijui maneno yale yalitoka wapi. Binti akanitazama, kisha akacheka. Kicheko chake cha kwanza tangu arudi.

"Ukiweza, nabaki," akasema.

Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kutokula nimesimama tena.

Jumamosi asubuhi akanipa somo, sebuleni, mapazia yakiwa wazi. Kwanza akaniambia ninawe mikono. Nikamwambia mimi si mchafu.

"Mikono yako ina mafuta ya saa na benzini. Kwako ni harufu ya kazi, kwake ni sumu."

Nikanawa mpaka kwenye viwiko. Niliporudi alikuwa amelaza godoro jembamba sakafuni, akaniambia nikae juu yake. Mtu mzima kama mimi, magoti yanalia, nikae chini kwa ajili ya mdudu?

"Ndiyo, ukae chini," akasema. "Tumbo lake ni kama puto la maji. Akianguka kutoka kimo cha meza tu, linapasuka, ndiyo mwisho wake."

Nikaipenda habari ile kuliko ilivyostahili, lakini nikakaa. Akafungua sanduku katikati yetu, akanipa brashi laini ya kuchorea.

"Mguse mguu wa nyuma, polepole. Akisogea kidogo, yuko sawa. Akiinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, unafunga sanduku unakwenda kunywa chai. Siku hiyo hashikwi."

"Meno gani?"

"Akiyaonyesha utayajua. Sasa sikiliza, Baba, hapa ndipo watu wanapokosea. Wewe humshiki. Unalaza kiganja mbele yake, unamgusa nyuma, anapanda mwenyewe. Ukimbana atakuuma, ukishtuka utamwangusha. Uso uweke mbali. Usimpumulie, pumzi kwake ni adui amefika. Na miwani usivue."

Nikaitikia yote, mwanafunzi mzuri, huku nikiomba kimoyomoyo ainue miguu ya mbele. Hakuinua. Nilipomgusa kwa brashi alisogea hatua mbili, mpole kama bibi anayepisha watu kwenye benchi. Sikuwa na kisingizio. Nikalaza kiganja.

Mguu wa kwanza uligusa kidole changu cha kati. Mwisho wa kila mguu ana makucha mawili madogo, na yale makucha yanashika ngozi kidogo na kuachia, yanashika na kuachia. Hayachomi. Afadhali yangechoma, maumivu ningeyaelewa. Halafu ukaja mguu wa pili, wa tatu, kila mmoja na safari yake, kama vidole vya mtu nisiyemjua vinavyonipapasa kutafuta mfuko uko wapi. Mwisho likaja tumbo, laini, lenye manyoya, likaburuzwa juu ya kiganja. Nywele za mwili wangu wote zikasimama. Kitu kikapanda kutoka tumboni hadi kooni na nikakimeza.

"Unaweza, Baba," binti akasema. Hakuwa anamtazama buibui, alikuwa ananitazama mimi.

Naam, niliweza. Nilimtoa sandukuni, nikamsogeza juu ya godoro kiganjani, mkono chini kabisa, nikihesabu hatua kuelekea sanduku la pili, lile safi. Bado kama kiasi cha mkono mmoja. Na hapo ndipo nilipoiona chembe ya udongo mgongoni kwake, katikati kabisa, imekaa juu ya yale manyoya.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri. Mafundi wenzangu wana kipira cha kupulizia vumbi. Mimi nilifundishwa na mzee aliyepuliza kwa mdomo, na kwa mdomo nimepuliza maisha yangu yote. Mkono wangu wa kushoto ukapandisha miwani kwenye paji la uso, kwa sababu vitu vya karibu naviona vizuri bila miwani. Kichwa kikainama. Jicho la kulia, jicho langu la kazi, likasogea hadi upana wa vidole vitatu, na mdomo ukafanya unachofanya mara mia kwa siku. Ukapuliza, fuu, pumzi fupi kavu kutoka pembeni.

Bi Mkubwa akageuka akanipa mgongo. Akainua mguu wa nyuma akajikuna tumbo haraka haraka, kama mbwa mwenye viroboto. Nikaona kitu mfano wa moshi mwepesi. Kisha jicho likawaka.

Sijawahi kutiwa pilipili jichoni, lakini naamini pilipili ni huruma. Yale manyoya ya tumboni ndiyo silaha yake. Yana ncha zenye miiba, yakiingia mahali yanazidi kuzama. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilijua kwamba jicho linaungua, na kwamba Bi Mkubwa, kwa kuchanganyikiwa, ameona tundu akaingia. Lile tundu lilikuwa mkono wa shati langu.

"Baba, jicho! Usilisugue!"

"Achana na jicho! Mtoe mdudu wako!"

Alikuwa anapanda. Kifundo cha mkono, mkono wa mbele, makucha yale yakishika na kuachia, manyoya yakinisugua kwenye ngozi ambayo hata mke wangu hakuwa akiigusa hovyo kwa sababu ya mtekenyo. Akafika kwenye kunjo la kiwiko, penye joto na jasho. Akatulia. Akajikunyata pale kama amefika kwake.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angepiga mkono ukutani mara moja, habari ikaisha. Mimi nilitaka. Mwili wangu wote ulitaka, nilisikia matapishi yamefika nyuma ya meno. Lakini niliujua mwisho wa mwezi ulipo, nikaona lile begi moja likitoka mlangoni. Nikakaa juu ya godoro, mkono umenyooka, jicho linamwaga maji, nikamezea. Binti akaleta mkasi akalipasua shati kuanzia kwenye kifungo hadi begani, taratibu, akinong'ona maneno sijui ananibembeleza mimi au buibui wake. Alipomaliza kumwingiza sandukuni nilikwenda kutapika.

Hospitalini daktari wa macho alinikalisha mbele ya taa yake, kidevu juu ya chuma, akaanza kung'oa manyoya moja moja. Nikamwambia kibanio chake kimepinda ncha. Akaniambia nisiongee. Alitoa kumi na saba. Mengine yamezama mno, akasema, yatabaki, na mengine mwili utayatoa wenyewe. Matone mara sita kwa siku, jicho lifungwe, na kazi ya saa nisiiguse wiki sita. Baada ya hapo tutaona.

Tukakaa kwenye benchi la koridoni kusubiri dawa.

"Nimempigia mwenzangu wa kazini," binti akasema. "Yule mpenda wadudu. Jumatano anakuja kumchukua Bi Mkubwa. Chumba pia nimekiacha. Nabaki nyumbani, Baba."

Sitaki kujisafisha hapa. Nilifurahi. Nilikaa pale na bandeji jichoni nikajisemea, kumbe jicho moja tu ndilo lilikuwa linatakiwa, laiti ningejua ningepuliza mapema. Nikamwambia, kwa adabu tu, "Pole, mama. Najua unampenda."

"Si kitu. Nimezoea kuacha."

"Kuacha nini?"

Akainua mabega. Mumewe kwanza alimwomba aache safari za kazi, akaacha. Baadaye aache netiboli, kwa kuwa anarudi amechoka. Halafu yule rafiki yake wa tangu shule, anayecheka kwa sauti kubwa. Kila mara aliombwa kwa upole, na kila mara kulikuwa na sababu. "Mwisho akasema nichague, yeye au buibui," akasema. "Sijui kwa nini hapo nilikwama. Nikabeba sanduku." Aliyasema hayo kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Dirisha la dawa likafunguliwa wakaita, tukanyanyuka.

Nyumba ikawa safi. Kesho yake, Jumapili, ndoo ya mende ikaondoka jikoni, bila mimi kusema neno. Kopo la biskuti likaondoka. Sanduku akalifungia chumbani na taulo chini ya mlango. Nilitia dawa jichoni, yaani yeye alinitilia, mara sita kwa siku, akitazama saa. Nikimuuliza tupike nini, anajibu, "Chochote unachopenda, Baba." Tusikilize taarifa au muziki? "Vyovyote." Jumatatu jioni nikasema kwa makusudi upuuzi mkubwa, kwamba maji ya kuchemsha yana wadudu wengi kuliko ya bomba. Maji ndiyo kazi yake. Huyu mtoto amenibishia tangu ana miaka mitatu, amewahi kunibishia hata tarehe ya kuzaliwa kwangu. Akatabasamu, akasema, "Labda."

Ile "labda" ilinitia kinyaa. Sijui niseme vipi. Ilinipanda kooni kama siku ile ya makucha, ila safari hii sikuwa na kiumbe cha kukisingizia. Nilijitazama kwenye kioo cha bafuni, mzee mwenye jicho moja, nikaona mtu aliyepata alichotaka kwa upole na kwa sababu nzuri, kama yule mumewe. Sikupenda nilichokiona. Usingizi nilioupata usiku ule haukuwa na maana.

Jumatano saa kumi akaja yule mwenzake. Jamaa wa miraba minne, sauti ya kipaza sauti, amekuja na sanduku lake tupu. Binti akamletea Bi Mkubwa sebuleni, akafungua kifuniko, akarudi nyuma mpaka kwenye fremu ya mlango, mikono ameifumbata.

"Lo, mrembo kweli!" jamaa akasema. Akazamisha mkono akamwinua. Amesimama. Kiganja usawa wa bega lake, karibu na dirisha, na mkono wa pili unatafuta simu mfukoni apige picha.

Nilimtazama binti yangu. Midomo ilimsogea, kisha ikatulia. Alikuwa anaona hatari yote, na hakusema. Alikuwa ameshaacha.

"Kaa chini," nikasema.

"Aa, fundi, usihofu, mimi nimewashika wengi—"

"Nimesema kaa chini! Akianguka kutoka hapo tumbo linapasuka! Na hiyo simu iache!"

Jamaa akaganda, akaanza kuchuchumaa huku akiyumba, na Bi Mkubwa naye akaanza kukimbilia ukingo wa kiganja. Nikapiga magoti. Kwa jicho moja hujui kitu kiko umbali gani. Nilidhani bado nina nafasi, kumbe kiganja changu kilikuwa tayari kimegusana na cha yule bwana. Bi Mkubwa akavuka. Makucha, manyoya, tumbo, vyote vikaja juu yangu kwa zamu, na kinyaa kikaja navyo, kipya kabisa, hakikupungua hata chembe. Nikageuza uso pembeni nikabana pumzi. Nikateremsha mkono mpaka sakafuni, nikausogeza ndani ya sanduku lake la zamani, nikangoja ashuke mwenyewe. Alichukua muda wake. Nikafunga.

"Haendi popote," nikasema.

"Lakini dada alisema—"

"Alisema kwa ajili yangu. Mimi sijasema. Asante kwa kuja."

Jamaa akaondoka na sanduku lake tupu. Binti alikuwa bado amesimama kwenye fremu ya mlango.

"Si unamchukia, Baba?"

"Namchukia mno. Nikimwona natamani kutapika, na hilo halitaisha. Lakini mumeo alikuambia uchague. Mimi sitaki uchague. Kama unataka kuhama naye, hama, nitakusaidia kubeba. Kama unataka kubaki naye, baki."

Akaja akapiga magoti upande wa pili wa sanduku, akainama kumkagua Bi Mkubwa mguu baada ya mguu, kwa muda mrefu. Nilisubiri. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko siku ile shati linapasuliwa.

"Umemshika vibaya," akasema mwishowe.

"Vibaya wapi?"

"Ulikunja vidole."

"Sikukunja."

"Ulikunja, Baba, nimesimama pale nimeona kwa macho yangu mawili. Wewe unalo moja."

"Hata kwa moja najua vidole vyangu viko wapi!"

"Hujui. Na maji ya kuchemsha hayana wadudu wengi kuliko ya bomba, sijui ulitoa wapi upuuzi ule, tangu Jumatatu nimekaa nao hapa kifuani." Alikuwa amepandisha sauti. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Jumatatu ijayo nina safari. Siku tatu."

Nikamtazama Bi Mkubwa, mate yakanijaa mdomoni. Nikamwambia aende, mimi nitabaki naye.